Chakula cha Daraja la Kwanza

Juzi jirani yangu hapa Kizwite, Sumbawanga, aliletewa dumu la mawese kutoka Kigoma, na alipoyamimina kwenye sufuria ya moto harufu ikapita juu ya ukuta, ikaingia jikoni kwangu bila kupiga hodi. Nilikuwa nachambua maharage. Mikono ikasimama yenyewe. Kwa wengine mawese ni mafuta mekundu ya kupikia tu, na wapo wasiotaka hata kuyaona. Kwangu mimi harufu ile ina chuma ndani yake, ina mvuke, ina injini inayotetemesha sakafu chini ya nyayo, na ina mama yangu amekunja mikono ya blauzi mpaka mabegani.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku juu Ufipa mtanielewa nikisema kwamba kwetu meli ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Tulijua ng'ombe, tulijua matuta ya mahindi, tulijua upepo wa Juni unaopasua midomo. Ziwa tuliambiwa lipo huko chini, ukishuka mpaka masikio yazibe. Siku hizi watoto wangu wananionyesha kwenye simu meli za ughaibuni, ndefu kama mtaa, zenye bwawa la kuogelea na migahawa chungu nzima, abiria anaamka na kuamua leo ale cha Wachina au cha Wataliano. Wanangoja nishangae. Nawaambia mimi nami nimesafiri kwa meli yenye vyakula vya kuchagua, tena mpishi wake nilimjua kwa jina.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa ugonjwa wa kifua, na mama na mimi tulikuwa bado tunakaa kwenye nyumba yake kule Mpui, nyumba ambayo kila ndugu wa baba aliyepita alisimama kwanza akalitazama paa kana kwamba ni lake. Mama alikuwa mpishi. Sisemi alikuwa na kazi ya upishi, nasema alikuwa mpishi. Ikiwa kuna harusi, kipaimara, msiba, au padre mpya anapokelewa, watu walikuja kumwita Mama Fausta. Alipika kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, akazunguka moto kutwa nzima, na aliweza kusema wali umeiva kwa kuusikiliza tu. Sherehe ikiisha alipewa asante, na siku nyingine shingo ya mbuzi. Hakuna aliyewahi kuiita kazi, na nadhani hata yeye mwenyewe hakuwahi.

Jioni moja akaniambia tunakwenda Kigoma kumsalimia mama mkubwa Gaudensia, dada yake. Nikamtazama akifunga mizigo. Alipakia nguo zangu zote, hata sweta iliyonibana na gauni la komunyo ya kwanza, na madaftari yangu yote ya shule. Yeye alichukua kanga mbili na blauzi ya kubadilisha. Nilifurahi sana. Nilidhani nimeshakuwa mtu wa maana hata nisafiri na nguo zangu zote. Juu ya hayo akafunga gunia la unga wa ulezi na mfuko wa maharage, akasema, "Hivi ni vya mama mkubwa. Usivikalie."

Tulishuka Kipili juu ya lori la mahindi. Sweta zilitoka mwilini moja baada ya nyingine kadiri tulivyoshuka, mpaka ziwa likaonekana. Kwenye kibanda cha tiketi yule karani aliuliza bila kuinua kichwa, "Daraja la ngapi?"

"La tatu, baba," mama akasema.

Mimi nilijua daraja moja tu duniani, lile la magogo juu ya mto wetu, ambalo mvua ikinyesha sana lilichukuliwa na maji, watu wakalijenga upya. Nikauliza kama hilo la tatu liko mbali. Mama alikuwa anahangaika na fundo la kanga lililoficha nauli, akanijibu, "Liko huko huko melini." Basi nikajenga meli yangu kichwani. Ilikuwa na madaraja matatu, moja juu ya jingine, na watu wamekaa pembeni mwa magogo miguu ikining'inia juu ya maji. Nikajiambia nitashika kwa nguvu.

Meli haikusogea ufukweni. Ilisimama mbali ikanguruma, na sisi tukapelekwa kwa boti, watu na magunia na kuku pamoja. Tulipofika ubavuni mwake mabaharia walinyosha mikono kutoka mlangoni wakatuvuta, mimi kwanza, kisha gunia, kisha mama. Kapu letu la chakula alilishika abiria mmoja ili atupokeze, boti ikainuka na wimbi, na kapu likaenda. Ndani yake mlikuwa na viazi vya kuchemsha, mayai na karanga, chakula cha safari nzima. Viazi vilizama kimoja kimoja, vyeupe, bila haraka. Mama alivitazama mpaka cha mwisho, kisha akasema, "Haya. Tutakula wanachokula wenye meli."

Sehemu yetu ilikuwa sitaha ya chini, kati ya magunia ya dagaa na marundo ya nanasi. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kisukuma aliyehamia Rukwa na mumewe na ng'ombe wao, anakwenda kumwona kaka yake. Alikuwa na mapacha wachanga, na kila mtu alimwita Mama Kulwa. Alinipa nusu ya muhogo wake kabla hata hajaniuliza jina.

Saa sita mchana kengele ikalia. Juu ya ngazi ya chuma akatokea mwanamume mrefu aliyevaa koti jeupe, mhudumu wa chumba cha chakula, jina lake Zuberi. Akatangaza kwa sauti ya mtu anayeipenda kazi yake: "Daraja la kwanza, chakula tayari! Leo tuna kuku wa kukaanga, samaki kwa wali, supu ya kuanzia, na chipsi kwa anayetaka!"

Watu wa chini walicheka, mmoja akajibu kwa sauti ile ile, "Na daraja la tatu leo tuna harufu!"

Chakula chetu kilitolewa kwenye kidirisha kidogo mwisho wa sitaha. Ugali na samaki, hakuna kuchagua, na kikiisha kimeisha. Mama aliniambia nikae juu ya mizigo nisiondoke hata meli ikizama, akaenda kupanga foleni pamoja na Mama Kulwa. Kutoka pale nilipokaa nilimwona akipokea sahani. Nikamwona akimega tonge, akaling'ata, akasimama. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alirudi mbele ya foleni, akaiweka sahani juu ya kidirisha, akaanza kusema. Sikusikia maneno. Niliona mtu wa ndani akitoa kichwa, akapunga mkono kwa hasira, mama naye akaonyesha sahani kwa kidole. Foleni nzima ikapiga kelele. Mlango wa chuma kando ya kidirisha ukafunguliwa, mama akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Nilisubiri. Mama Kulwa akarudi peke yake, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Wamempandisha juu," akasema, akitabasamu kwa sababu ambayo mimi sikuijua. "Kwa daraja la kwanza."

Nataka mwone nilichokiona mimi. Daraja la juu kabisa, la magogo, mama amesimamishwa ukingoni kwa kosa la kulalamikia chakula, na chini yake maji yale yaliyomeza viazi vyetu bila haraka. Nikaruka kutoka kwenye gunia. Nilimwambia Mama Kulwa, "Shikamoo, nitazamie mizigo," maana sikumbuki kuwaza hata mpangilio wa maneno, nikapanda ile ngazi ya chuma mbio. Juu nikakutana na baharia amebeba kamba.

"Daraja la kwanza liko wapi?"

"Wewe umetoka wapi?"

"La tatu. Liko wapi?"

Akanionyesha mlango kwa kidevu. Nikausukuma. Hapakuwa na magogo. Palikuwa na chumba chenye meza zilizotandikwa vitambaa, madirisha ya duara, na watu waliovaa viatu, wanakula kwa uma. Nilichungulia chini ya meza ya kwanza kutafuta maji. Kisha nikamwona Zuberi na koti lake jeupe, nikapiga kelele ambayo mpaka leo naisikia.

"Mama yangu mmemtupa wapi?"

Vijiko vyote vikasimama. Zuberi hakunifukuza. Aliweka chini birika alilokuwa nalo, akanishika bega, akanipitisha katikati ya meza hadi mlango wa nyuma, akaufungua kwa mguu. Ndani mlikuwa na mvuke mzito. Katikati ya mvuke alisimama mama yangu, amejifunga kanga kifuani kama wakati wa vita, anageuza ugali kwenye sufuria kubwa kwa mwiko mrefu kuliko mimi. Aliniona. Hakuuliza nimelia nini.

"Fausta! Mizigo umemwachia nani?"

Mambo yalikuwa hivi. Mpishi wa meli, Mzee Athumani, alikuwa amelala chumbani kwake anatetemeka kwa malaria, na msaidizi wake alikuwa ameomba ruhusa kabla safari haijaanza. Akaitwa fundi wa injini, mtu mwema lakini mpya kabisa kwenye mambo ya sufuria, naye akapika ugali kama anavyokaza nati. Ulikuwa mbichi katikati. Mama alimwambia pale kidirishani, kwa heshima zote, kwamba ugali ule utawaumiza watoto. Fundi akamjibu, "Kama unajua, ingia upike wewe!" Alidhani anamkomesha.

Mama akaingia.

Nilikaa jikoni mle siku hiyo yote, nikimenya vitunguu. Mle ndimo nilimojifunza kwamba daraja ni kiasi cha nauli. Jiko lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulielekea kwenye meza zenye vitambaa, mwingine ulishuka kwa ngazi fupi mpaka kwenye kidirisha chetu. Samaki walikuja kwenye ndoo, migebuka na kuhe, na Zuberi akamweleza mama utaratibu. Minofu inakwenda juu, pamoja na wali. Vichwa na mikia vinashuka chini, pamoja na ugali.

"Na mchuzi?" mama akauliza.

"Wa juu una nyanya na viungo. Wa chini ni maji na chumvi."

Mama akaitazama ile ndoo ya samaki. "Minofu wameilipia, wale minofu yao. Lakini mchuzi nitapika mmoja."

"Mama, haiko hivyo kwenye utaratibu."

"Utaratibu wa maji na chumvi aliuandika nani? Mzee Athumani?"

Zuberi akakiri kwamba hakuna aliyeuandika. Mama akamimina mawese kwenye sufuria, akaweka vitunguu vyangu, na harufu ikajaa meli nzima. Siku ile chini watu walilamba sahani, na juu mtu mmoja aliomba aletewe kichwa cha samaki. Mama alipoambiwa hivyo nilimwona akivuta mabega nyuma, kama mtu aliyetua ndoo kutoka kichwani.

Siku ya pili ziwa lilichafuka. Tulisimama karibu na kijiji kimoja ambako boti za wachuuzi zilitazamiwa kuleta unga na mihogo, lakini upepo ulikuwa mkali na hakuna boti iliyothubutu kutoka. Meli ikapiga honi mara tatu, ikaendelea. Mchana Zuberi aliingia jikoni akiwa amevua koti.

"Unga umeisha," akasema. "Juu kuna mchele wa kuwatosha. Chini itabidi wasubiri Kigoma."

"Tunafika lini?"

"Kesho mchana, upepo ukituhurumia."

Mama aliangalia ule mlango wa chini. Tulisikia watoto wakilia huko, wa Mama Kulwa na wengine. Akafuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole.

"Fausta, nenda na huyu kaka yako mkalete gunia letu. Na maharage."

"La mama mkubwa?"

"La mama mkubwa."

Zuberi akasita. "Mama, huo si mzigo wa watu?"

"Ni wa dada yangu," mama akamjibu. Alikuwa amenipa mgongo, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mgeni njia, "Ndiye atakayekaa na huyu mtoto. Nilisema nisiende mikono mitupu."

Injini ilikuwa inanguruma lakini nilisikia kila neno. "Kukaa naye mpaka lini?" nikauliza.

Mama hakugeuka. Alichukua mwiko akaanza kukoroga sufuria iliyokuwa na maji matupu. Ndipo nikazielewa zile nguo zote, gauni la komunyo, madaftari. Sikulia. Nilishuka na Zuberi, nikaliburuta gunia lile kwa hasira ngazi baada ya ngazi, na nilitamani lipasuke unga wote umwagike. Nilitaka tufike kwa mama mkubwa mikono mitupu kabisa, anikatae.

Wale mnaoujua ugali wa ulezi hamhitaji kuelezwa. Una rangi ya udongo wa shamba uliolowa, una utelezi wake, na harufu yake si ya kitu kingine chochote. Mama aliusonga kwa mikono miwili, jasho likimchuruzika hadi kwenye kidevu, huku maharage yakichemka kwenye mawese. Foleni ya chini ilifika hadi kwenye nanasi. Kila sahani aliipakua mwenyewe, hakumwachia mtu.

Kabla hajamaliza, mlango wa juu ukafunguliwa akaingia mzee mmoja aliyevaa suti ya kijivu, mwalimu mstaafu kutoka Nkasi, abiria wa daraja la kwanza. Alikuwa ameacha kuku wake mezani. Akamsalimia mama kwa Kifipa, na mama, ambaye tangu Kipili alikuwa anazungumza Kiswahili cha ugenini, akamjibu kwa Kifipa, na nyuso zote mbili zikabadilika. Mzee alikula amesimama, ameegemea ukuta, sahani kiganjani, suti na yote. Zuberi akaja nyuma yake akihema.

"Mama, kule mezani wanasema nao wanataka cha chini. Wamesikia harufu."

"Kimebaki kidogo," mama akasema. "Anayekitaka akapange foleni dirishani na wenzake."

Nao walipanga. Niliwaona kwa macho yangu, watu wanne au watano wa viatu vizuri, wamesimama nyuma ya Mama Kulwa aliyekuja kuomba ukoko.

Asubuhi nahodha alimwita mama. Nilikwenda naye nikiwa nimenuna, kwa sababu nilikataa kuzungumza naye lakini nilikataa pia kumwacha aende peke yake. Nahodha alisema Mzee Athumani anashushwa Kigoma kulazwa, na meli inaondoka tena keshokutwa. Je, mama anaweza kupika mpaka mzee apone? Kwa mshahara wa mpishi?

Mama alirudia lile neno. "Mshahara."

"Ndiyo. Si ndiyo kazi yako?"

Alikaza fundo la kanga yake. "Ndiyo," akasema mwisho. "Ndiyo kazi yangu. Lakini nina mtoto."

Nahodha akanitazama. "Anakula sana?"

"Anakula."

"Shule si zimefungwa? Basi atakula huku huku."

Tulipofika Kigoma mama mkubwa Gaudensia alikuwa gatini, amesimama mbele kabisa, amevaa kitenge kipya. Mkononi alikuwa na mfuko, na kwenye mfuko ilichungulia sketi ya shule ya rangi ya bluu. Hakuwa na mtoto, mama mkubwa. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, kisha akainyoosha ile sketi kiunoni kwangu kuona kama inanitosha. Ilinitosha sawasawa.

"Gaude," mama akamwambia, "Fausta ninarudi naye."

"Unarudi naye wapi? Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nikiwa sina kazi. Sasa ninayo."

"Kazi ya siku mbili! Ya kupika!" Mama mkubwa alisema neno kupika kama lilivyosemwa siku zote nyumbani, kama kufagia, kama kupumua. "Nimeshamnunulia sare. Nimempangia kitanda. Na ule ulezi ulioniambia?"

"Watu wameula."

"Watu gani?"

"Waliokuwa na njaa, dada."

Mama mkubwa alilia pale pale gatini, mbele ya wapagazi, na mama akamshika, naye akamsukuma. Sitalipamba jambo hili. Mama alichukua kitu kutoka mikononi mwa dada yake, na alijua. Miaka miwili hawakuandikiana. Baadaye likizo zangu zote za Desemba nilizitumia kwa mama mkubwa, na ndiye aliyenisomesha sekondari, na alipougua mimi ndiye niliyemwogesha. Lakini siku ile aliondoka gatini na mfuko wake wa sare, hakugeuka nyuma.

Mama alipika kwenye meli ile likizo nzima na safari mbili zaidi, mpaka Mzee Athumani akarudi, amekonda, akakuta wateja wa juu wanaulizia ugali wa ulezi. Kisha tukapanda Sumbawanga, mama akafungua mgahawa hapa hapa Kizwite, meza tatu za kuanzia. Shemeji zake walipokuja kumuuliza atarudi lini Mpui aliwakaribisha wakae, akawapa orodha ya vyakula, na walipomaliza kula akawaonyesha pa kulipia.

Lakini ninachotaka kumalizia ni ule mlo wetu wa kwanza baada ya kuondoka Kigoma. Ilikuwa jioni, jua bado liko juu ya milima ya Kongo, abiria wa daraja la kwanza wamekula mapema na kutoka nje kupunga upepo. Nilikuwa sijamsemesha mama tangu jikoni, siku tatu nzima. Alikuwa ameniambia pale gatini, wakati ananisuka upya nywele zilizovurugwa na upepo, "Nilikuwa nakuja kukuacha. Sikuwa na njia nyingine niliyoiona. Sasa nimeiona."

Zuberi akaja jikoni, akamnyang'anya mama kitambaa cha kufutia vyombo, akatuambia tumfuate. Alikuwa ametandika meza ya dirishani. Akavuta kiti kwa ajili ya mama, na mama akabaki amesimama, hajui kiti kinavutwa ili afanye nini. Tukaketi. Zuberi akasimama wima, mikono nyuma, kama alivyosimama kwa abiria wote.

"Mama Fausta, leo utakula nini?"

Mama akacheka kidogo. "Chochote kilichobaki."

"Sikuuliza kilichobaki. Kuna kuku, kuna samaki, kuna wali, kuna ugali. Utakula nini?"

Kicheko kikaisha. Niliuona uso wake ukitafuta. Alikuwa amelisha watu maisha yake yote, na kila mara alikula mwisho, amechutama, kwa kukwangua sufuria. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali lile, na alilitafuta jibu muda mrefu hata mimi nikasahau kununa, nikamwegemea.

"Firigisi," akasema.

Mnajua, enyi wa rika langu, firigisi ilikuwa ya nani. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ilikwenda kwa baba. Baba akifa, kwa baba mdogo. Mgeni akija, kwa mgeni mwanamume. Mama alikuwa ametoa firigisi kwenye kuku ambao hesabu yao haipo, akazisafisha, akazikaanga, akaziweka juu kabisa ya sahani za watu wengine.

Zuberi hakutabasamu. Alikwenda akarudi na firigisi moja kubwa ya kukaanga, katikati ya sahani nyeupe, peke yake. Mama aliikata vipande viwili kwa kisu, akanisogezea nusu. Akatafuna polepole, amekaza macho kwenye ziwa, na mimi nikatafuna nikimtazama.

"Kumbe ndiyo hii tu," akasema.

"Ni ngumu," nikamwambia. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake.

"Ni ngumu kweli." Akameza, akafuta mdomo kwa kile kitambaa cheupe, akamgeukia Zuberi. "Ipo nyingine?"